Kabla Hujapaka Gundi, Tafuta Oili Inakotoka

Barua za safari hii karibu zote zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: fundi, nipake nini oili iache kuvuja? Nimechagua chache zinazobeba maswali ya wengine. Mtaona kwamba mara nyingi siwatajii dawa. Nauliza kwanza oili inatoka wapi, kisha nauliza kwa nini imepata njia ya kutokea. Fundi asiyeuliza hayo mawili atambadilishia mteja yuleyule gasketi ileile (kile kizibio kinachobanwa kati ya vipande viwili vya injini) kila baada ya muda mfupi. Jambo hilo linanichoma, kwa sababu mteja anaishia kuamini gari lake limekwisha wakati lilihitaji tu mtu wa kulitazama kwa utulivu.

Swali: Fundi, salaam. Nina pikapu ya dizeli. Ilianza kudondosha oili pale injini inapokutana na giaboksi. Niliambiwa ni sili ya nyuma ya krankishafti, ile pete inayozuia oili pale mhimili mkuu wa injini unapotokea. Giaboksi ikashushwa, sili ikabadilishwa, nikalipa. Baada ya muda mfupi matone yamerudi palepale. Je, niliuziwa sili feki?

Jibu: Inawezekana, lakini mimi nisingeanzia hapo. Oili iliyotoka nje hushuka kwa uzito wake, na gari likitembea upepo huisukuma nyuma. Kwa hiyo tone unaloliona nyuma na chini huenda limesafiri kutoka juu na mbele. Mahali injini inapoungana na giaboksi ndipo pa chini kabisa upande wa nyuma, na kila uvujaji wa juu huishia hapo. Ndiyo maana sili ya nyuma ya krankishafti husingiziwa kuliko kifaa kingine chochote, na kazi ya kuibadilisha ni kubwa kiasi kwamba kusingiziwa huko kunamuumiza mwenye gari.

Sehemu za kutazama kabla ya kushusha giaboksi tena ni hizi: kona ya nyuma ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini), swichi ya presha ya oili, mpira wa pale filta inapokaa, bomba la kupeleka na la kurudisha oili kwenye tabo (kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) kama injini yako inayo, na kizibo cha nyuma ya hedi (sehemu ya juu ya injini, inayokaa juu ya bloki) pale kamshafti (mhimili unaofungua vali) inapoishia. Swichi ya presha ni kitu kidogo sana, lakini ikipasuka ndani hutema oili kwa nguvu za pampu na kulowesha nusu ya injini. Nusa pia hiyo oili. Oili ya giaboksi ya gia za kawaida mara nyingi ina harufu kali ya kiberiti, na kama ndiyo inayotoka, basi sili mbovu ni ya giaboksi na injini haina kosa.

Kazi ya uchunguzi ifanyike hivi. Injini ikiwa imepoa, ioshe kwa dawa ya kuondoa grisi, na usielekeze maji ya presha kwenye oltaneta wala kwenye viungio vya nyaya. Ikauke. Iwashe, ipate moto, kisha pita na tochi na kioo kidogo ukianzia juu kwenda chini. Kama uvujaji ni wa polepole, nyunyiza poda nyeupe ya kawaida kwenye sehemu unazozishuku na uendeshe safari fupi. Poda italowa pale oili inapoanzia. Njia ninayoipenda zaidi ni rangi maalumu inayochanganywa kwenye oili na kumulikwa kwa taa ya urujuanimno. Njia ya oili hung'aa manjano ya kijani, ukaifuata mpaka kwenye chanzo bila kubishana na mtu.

Ikithibitika kwamba kweli ni sili ya nyuma, kabla ya kuilaumu muulize fundi aliyeifunga kama aliutazama uso wa krankishafti. Mdomo wa sili ya zamani huchimba mfereji kwenye chuma. Sili mpya ikikaa kwenye mfereji uleule itavuja hata iwe bora kuliko zote. Tiba yake ni kuikalisha sili ndani au nje kidogo ya pale ilipokuwa, kama nafasi inaruhusu, au kuvisha bangili nyembamba ya chuma iliyotengenezwa kwa kazi hiyo ili mdomo upate uso mpya. Na kama sili ni ya aina ya Teflon, ile yenye mdomo mpana usio na springi, kwa kawaida hufungwa kavu. Fundi wengi huipaka oili kwa mazoea ya sili za mpira, na hapo huiharibu siku ya kwanza.

Swali: Fundi, mimi ni mama mwenye gari dogo la petroli. Gasketi ya tapeti kava ilikuwa inavuja, nikanunua mpya ya mpira. Kijana aliyeifunga alipaka silikoni juu na chini "ili iwe na nguvu zaidi" na akakaza mpaka mwisho. Sasa inavuja kuliko mwanzo. Tatizo ni gasketi au silikoni?

Jibu: Pole, dada yangu. Gasketi ilikuwa nzuri na silikoni huenda ni nzuri pia. Kosa ni kuviweka pamoja.

Gasketi ya mpira iliyofinyangwa huziba kwa kubanwa. Ikae kavu, kwenye uso mkavu, ndani ya mfereji wake, ibanwe kidogo, na ule msukumo wake wa kutaka kurudi katika umbo lake ndio unaozuia oili. Ukiipaka silikoni, kabla haijakauka inakuwa utelezi. Kava ikikazwa, mpira unateleza kutoka kwenye mfereji, unajikunja sehemu moja na kuacha upenyo sehemu nyingine. Ukifungua hiyo kava nina hakika kubwa utaukuta mpira umetoka nje mahali fulani.

Silikoni ina mahali pake hata kwenye tapeti kava. Mahali hapo ni pale vipande viwili vya chuma vinapokutana chini ya gasketi: pale taimingi kava inapoungana na hedi, na kwenye kona za vile vipande vya nusu duara vya kamshafti. Hapo kuna ngazi ndogo ambayo mpira hauwezi kuijaza. Tone dogo kwenye kila kona, basi. Kitabu cha injini kitakuonyesha ni kona zipi.

Halafu kuna kukaza. Boliti nyingi za tapeti kava ni ndogo, na kiasi chake mara nyingi ni karibu nyutoni-mita 10 au chini ya hapo. Hiyo ni nguvu ya kifundo cha mkono kwenye spana fupi, wala si ya bega. Ukizidisha, kava ya plastiki hupinda au hupasuka, na kava ya alumini huvua nyuzi za hedi. Kwenye injini nyingi boliti ina bega linalogonga chuma na kusimama. Baada ya hapo kila unachoongeza kinaelekea kuikata tu. Kama kava haibani vizuri hata boliti zikiwa zimefika mwisho, tazama washa za mpira zilizo chini ya vichwa vya boliti. Zinakauka na kuwa bapa sawa na gasketi yenyewe, na karibu hakuna anayekumbuka kuzibadilisha. Badilisha zote pamoja, na zile pete za mpira zinazozunguka mashimo ya plagi pia, maana oili ikijaa shimo la plagi huanza kula mpira wa koili na injini hukosa moto.

Sasa lile linalonitia wasiwasi zaidi katika barua yako: silikoni iliyopakwa "juu na chini". Kinachoonekana nje kimejitokeza kwa kipimo kilekile ndani. Vile vinundu vya ndani hukatika, hushuka na oili hadi kwenye sampu (bakuli la oili chini ya injini), na huvutwa hadi kwenye chujio la pampu. Chujio likizibwa, presha ya oili inashuka na beringi, zile zinazoshika krankishafti inapozunguka, zinakufa. Nimefungua injini zilizouawa hivyo, na kwenye chujio nimetoa vipande vya silikoni vyenye rangi ileile ya tyubu iliyokuwa bado juu ya meza ya fundi. Kwa hiyo kava ifunguliwe, silikoni yote iondolewe kwa kikwangulio cha plastiki, tundu za kurudishia oili zizibwe kwa kitambaa safi wakati wa kukwangua, nyuso zifutwe kwa dawa ya kusafishia breki mpaka kitambaa kitoke cheupe, kisha mpira mpya ufungwe mkavu. Boliti zikazwe kwa kupokezana kuanzia katikati. Na mwambie kijana asitumie zile brashi za msasa zinazozungushwa kwa mashine kwenye hedi au bloki. Chembe zake ni ngumu kuliko beringi, na huingia ndani ya oili bila kuonekana.

Swali: Shikamoo fundi. Mimi ni mwanafunzi wa ufundi. Dukani kuna tyubu nyekundu, bluu, nyeusi, kijivu, na nyingine wanasema hukauka pasipo hewa. Nichague kwa rangi?

Jibu: Marahaba, mwanangu. Swali lako nitalikalia kidogo, maana fundi anayelielewa mapema ataokoa injini nyingi.

Rangi haina sheria inayofungamanisha watengenezaji wote. Wengi hutumia nyekundu kwa sehemu za joto kali, nyeusi kwa oili, kijivu kwa flanji (kingo bapa za kuunganishia vipande) zinazokazwa kwa nguvu kubwa, lakini huo ni mtindo tu na usiuamini kipofu. Soma mgongo wa tyubu: inastahimili oili? joto kiasi gani? ni salama kwa sensa? ijaze pengo la ukubwa gani?

Silikoni za gasketi hukauka kwa unyevu wa hewani. Zinaanza kwa nje na kwenda ndani, kwa kadiri ya milimita mbili au tatu kwa siku, na hewa ikiwa kavu au baridi huchelewa zaidi. Kwa hiyo ukiona ngozi juu baada ya dakika kumi au kumi na tano, ndani bado ni mbichi. Baadhi ya zile za zamani na za bei nafuu hunuka siki zinapokauka. Hiyo ni asidi, na huweza kula chuma, na mvuke wa silikoni za namna hiyo huweza kuharibu sensa ya oksijeni. Kwa injini tafuta isiyonuka siki na iliyoandikwa kuwa ni salama kwa sensa. Silikoni ya madirisha na bafu iache kwenye madirisha na bafu. Haikutengenezwa kukaa na oili ya moto. Na silikoni yoyote usiiweke mahali panapoguswa na petroli, itavimba na kulainika.

Silikoni za injini zinafaa pale mtengenezaji wa injini alipokusudia gasketi ya kupakwa: sampu nyingi za kisasa, taimingi kava, na viungo vinavyocheza kidogo kwa joto kwa sababu ya bati jembamba au metali mbili tofauti. Uzi wake uwe mwembamba kama kijiti cha kiberiti, usiokatika, upite upande wa ndani wa tundu za boliti. Ukipita nje ya tundu, oili itapanda kwenye nyuzi za boliti na kutokea chini ya kichwa chake.

Mafundi hubishana sana kuhusu kusubiri. Kuna tyubu zinazotaka ukaze kwa vidole, usubiri kama saa moja, ndipo ukaze kwa kipimo. Kuna nyingine, hasa zile zinazotoka kwa watengenezaji wa magari wenyewe, zinazotaka kipande kifungwe na kukazwa ndani ya dakika chache kabla ngozi haijaanza, kisha zipewe saa kadhaa kabla ya kutia oili. Zote zina haki kwa dawa zao. Mbishi anayepoteza ni yule anayetumia utaratibu wa tyubu moja kwa tyubu nyingine. Pasipo maelezo yoyote, uipe injini siku nzima kabla ya kuiwasha. Najua mteja anasimama mlangoni, mweleze.

Sasa ile isiyotaka hewa. Asili yake ni kazi ya Vernon Krieble, profesa wa kemia wa Hartford huko Marekani, aliyeanzisha mwaka 1953 kampuni ambayo baadaye ikajulikana kwa jina la Loctite. Ndani ya chupa hewa huizuia isigande. Ikibanwa kati ya vyuma viwili, hewa inakosekana, chuma chenyewe kinaichochea, na inakuwa ngumu. Inafaa pale chuma kizito kilichochongwa kwa mashine kinapokutana na kingine: nusu mbili za bloki, nyumba ya pampu, kifuniko cha beringi. Hapo pengo ni dogo sana, kama robo milimita au pungufu. Usiipeleke kwenye sampu ya bati, maana bati hucheza na pengo ni kubwa. Ina sifa moja ninayoipenda sana: kiasi kinachojitokeza ndani hakipati mazingira ya kugandia, hubaki majimaji na kuoshwa na oili, hivyo hakizibi chujio kama silikoni.

Kundi la tatu ni zile zisizokauka kabisa, zinazobaki na mnato. Kazi yake ni kushika gasketi ya karatasi au koki (gome laini kama la vizibo vya chupa) mahali pake na kujaza mikwaruzo midogo. Hylomar ni mojawapo, na ilitengenezwa kwa ushirikiano na Rolls-Royce kwa ajili ya injini za ndege. Paka safu nyembamba kiasi kwamba rangi ya gasketi bado inaonekana chini yake.

Kitu cha mwisho kwako, mwanangu: kwa kila dawa niliyoitaja, usafi wa uso una uzito kuliko jina la dawa. Alama ya kidole yenye oili inatosha kufungua njia.

Swali: Fundi, mimi ni mzee mstaafu, ninalitunza gari langu la zamani mwenyewe. Sampu yake ni ya bati na gasketi ni ya koki. Nimeibadilisha zaidi ya mara moja na kila mara nimeikaza zaidi. Bado inatokwa jasho la oili.

Jibu: Shikamoo, mzee wangu. Huko kukaza zaidi ndiko kunakoharibu. Boliti huvuta bati kuelekea bloki, na kila tundu linainuka kama kilima kidogo. Kwenye tundu koki inapondeka, kati ya tundu na tundu haiguswi. Shusha sampu, iweke flanji yake juu ya gogo gumu au chuma bapa huku uso wa gasketi ukiwa juu, kisha gonga kila tundu kwa nyundo ndogo mpaka ule mwinuko urudi. Laza rula ya chuma juu yake uone mwanga unapita wapi, endelea mpaka usipite.

Gasketi ya koki ikikaa muda mrefu hukauka na kufupika, tundu zikakataa kulingana. Usiivute. Iloweshe kwa maji kidogo, itarefuka. Ibandike upande wa sampu kwa dawa isiyokauka, upande wa bloki uache mkavu, kaza kwa mzunguko hadi uone koki imeanza kutuna kidogo, ukome hapo. Injini ikishapata moto na kupoa mara kadhaa, pita tena na spana kwa wepesi, kwa sababu koki hulala.

Kama duka lina ile iliyochanganywa koki na mpira, chukua hiyo, inavumilia zaidi. Na kama unakata mwenyewe gasketi za karatasi kwa ajili ya vifuniko vingine, jambo ambalo nalisifu, pima unene wa ile ya zamani kabla ya kuitupa. Kwenye baadhi ya pampu unene wa karatasi ndio unaopanga nafasi ya gia za ndani. Karatasi nene huzuia uvujaji na papo hapo huiba presha.

Swali: Fundi, gari langu lilivuja tapeti kava, nikabadilisha. Likavuja sili ya mbele, nikabadilisha. Sasa ni kwenye dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili. Kila nikiziba hapa linatokea pale. Nimekata tamaa.

Jibu: Usikate tamaa, barua yako ni nzuri kwa sababu imejieleza yenyewe. Oili yako inasukumwa.

Katika kila injini, sehemu ya gesi ya mlipuko hupenya kwenye ringi za pistoni na kushuka hadi kwenye chumba cha krankishafti. Isipopata njia ya kutoka, presha hupanda na kutafuta mlango ulio dhaifu. Njia yake halali ni kipumulio: bomba na vali ndogo inayoirudisha gesi kwenye njia ya hewa ili iungue. Vali hiyo hujaa tope la oili na kuziba, na mipira yake hupasuka au hukunjika. Hapo unaweza kubadilisha kila gasketi ya gari na bado usilale.

Injini ikiwa inanguruma taratibu, fungua kifuniko cha kujazia oili na laza kipande cha karatasi nyepesi juu ya tundu. Kwenye injini nyingi za petroli karatasi inatakiwa ishikwe kwa mvuto mdogo. Ikirushwa, presha ipo. Toa vali ya kipumulio na uitikise. Nyingi zikiwa nzima hulia ndani, na ikiwa kimya imegandiana. Ni kifaa kidogo, badilisha badala ya kukiosha, na safisha mabomba yake yote hadi mwisho. Injini nyingine za karibuni zina utando wa mpira mahali pa vali. Ukipasuka hutokea kinyume chake, mvuto unakuwa mkali kiasi kwamba kifuniko ni kigumu kung'oka na unasikia mluzi. Hilo nalo huvuta hewa kupitia sili na kuziharibu.

Hakikisha pia oili haijazidi alama ya juu. Kipumulio kikiwa safi na karatasi bado inarushwa kwa mapigo, pima mgandamizo wa silinda, kwani ringi zitakuwa zimechoka. Hapo jibu la gasketi halipo tena.

Swali: Je, zile chupa za kumimina kwenye oili ili zizibe uvujaji zinasaidia kweli?

Jibu: Baadhi yake, kwa tatizo moja tu. Zina kemikali zinazolainisha na kuvimbisha kidogo mpira uliokauka. Kama sili yako imekuwa ngumu kwa umri na inatoa tone polepole, unaweza kupata nafuu baada ya siku kadhaa za kuendesha. Kwa gasketi ya karatasi, silikoni iliyoachia, mpira uliokatika au chuma kilichopinda haina la kufanya. Ukirudia rudia, mpira mzima nao huvimba kupita kiasi na kuwa laini. Mimi humruhusu mtu aitumie pale kubadilisha sili kunahitaji kushusha injini nzima na gari lenyewe halina muda mrefu, na nakataa kwa injini ambayo mtu anataka kuitunza. Yenye chembechembe za kuziba mashimo usiikaribishe kabisa kwenye oili. Haijui kutofautisha shimo la uvujaji na njia ya oili.

Swali: Oili inatoka nje katikati ya hedi na bloki. Rafiki anasema nipake silikoni kwenye gasketi ya hedi. Nifanye hivyo?

Jibu: Hapana. Gasketi ya hedi inazuia moto wa mlipuko, maji na oili yenye presha kwa wakati mmoja, na silikoni haina nafasi hapo isipokuwa tone kwenye kona ambazo kitabu kimezitaja. Gasketi za kisasa za matabaka ya chuma zinataka uso ulionyooka na laini sana; kwa injini nyingi ndogo kupinda kwa hedi kunakovumilika ni takriban milimita 0.05 tu. Peleka hedi kwa mchongaji aipime. Boliti kama ni za aina inayorefuka wakati wa kukazwa, nunua mpya. Kabla ya kuzirudisha, kausha tundu zake kwenye bloki kwa hewa. Oili iliyobaki chini ya tundu lisilotoboka haina pa kwenda, boliti ikishuka inaweza kuipasua bloki, au ikakupa kipimo cha uongo kwenye spana huku hedi haijabanwa. Kaza kwa hatua, kuanzia katikati kwenda nje, kwa mpangilio wa kitabu.

Swali: Injini yangu inavuja kidogo na sina fedha za matengenezo sasa hivi. Naweza kuendelea kuendesha?

Jibu: Inategemea tone linaangukia wapi kuliko ukubwa wake. Likiangukia eksozi ukasikia harufu ya kuungua au ukaona moshi, simamisha gari. Moto huanza hivyo. Likilowesha mkanda wa taimingi wa mpira, mkanda huo hulainika na kukatika, na kwenye injini nyingi pistoni hukutana na vali. Likiingia kwenye klachi, klachi itateleza. Katika hali hizo tatu deni la matengenezo ni dogo kuliko hasara.

Kama linaangukia chini tu, weka kadibodi safi chini ya injini kila usiku, pima dipstiki asubuhi injini ikiwa imepoa na gari likiwa mahali tambarare, na beba oili ya aina ileile. Taa ya presha ya oili ikiwaka njiani, zima injini hapo hapo ulipo, usijaribu kufika. Na siku ukienda kwa fundi ichukue na ile kadibodi, umwonyeshe mbele ya gari ilikuwa upande upi.